Siku ya Kurudisha Vyombo

Nchi ninayoisimulia haipo. Naomba tuelewane mapema, maana kuna watu wakisikia habari za nchi fulani huanza kutazamana na kukonyezana. Haipo kwenye ramani, haina bendera mnayoijua, na kama siku moja utapita mahali pakakukumbusha haya, kaza mwendo na usiseme kitu. Mimi nimekaa huko maisha yangu yote na sina lalamiko hata moja. Nilikuwa katibu wa Kamati ya Huruma ya mtaa wetu, kazi ya kujitolea, na nilipewa fulana.

Zamani huruma katika nchi yetu ilikuwa holela. Mtu alimwona mwenye njaa akampa ugali, hivi hivi tu, hata siku ya Jumanne. Hakuna aliyejua nani kampa nani, wala kwa ruhusa ya nani. Wageni walipoanza kuvuka mto kwa wingi, wakiwakimbia watu wenye bunduki waliokuwa wakichoma vijiji vya upande wa pili, hali ikazidi kuharibika. Wananchi waliwagawia nguo, wakawalaza sebuleni, wakazoeana nao mpaka watoto wakaanza kuitana binamu. Sisi hatukuona ubaya wowote. Serikali iliuona, na ndiyo kazi yake.

Basi ikaundwa Wizara ya Huruma. Jambo la kwanza ililofanya ni kuwakusanya wageni wote katika Uwanja wa Maonyesho ya Kilimo, nje kidogo ya mji, na kuwagawia mabanda. Yalikuwa mabanda imara, yaliyojengwa kwa ajili ya mifugo ya mashindano. Vibao havikuondolewa kwa kuwa vilikuwa vimechorwa vizuri, kwa hiyo familia moja ilikaa chini ya "Fahali Mshindi", nyingine chini ya "Mbuzi wa Maziwa", na mzee mmoja aitwaye Lazaro, fundi viatu, alipata banda la peke yake lililoandikwa "Bata Mzinga, Usimguse". Uwanja ukazungushiwa seng'enge ili wageni wasije wakapotea.

Jambo la pili lilikuwa kuipangia huruma wakati wake. Ikatungwa sheria kwamba huruma itafunguliwa kwa mzinga alfajiri ya mkesha wa Krismasi, na itafungwa kwa king'ora jioni ya siku inayofuata Krismasi. Huo ndio Msimu wa Huruma. Nje ya Msimu, kumpa mgeni kitu chochote, hata maji ya kunywa, kuliitwa huruma ya magendo, na aliyekamatwa nayo alipoteza uenyeji wake. Sikuwahi kumwona mtu aliyepoteza uenyeji, hivyo nilidhani ni kitu kama kupoteza mwavuli.

* * *

Krismasi ninayotaka kuwaeleza ilianza vizuri. Mzinga ulilia, madirisha yakatetemeka, na watu wote wa mji tukaelekea Uwanjani kuchukua wageni wetu kwa bahati nasibu. Kila mgeni alifungwa utepe mwekundu kifuani. Waziri wa Huruma, Mheshimiwa Bonifasi Tandabui, alipanda jukwaani akiwa amevaa joho jeupe lililoburuzika nyuma yake.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna mataifa yenye dhahabu. Kuna mataifa yenye mafuta. Sisi tunao hawa!" Akawanyooshea wageni mkono. "Bila wao, wema wetu tungeuonyesha kwa nani? Wapeni! Wapeni bila kipimo, ila kwa kipimo kilichowekwa! Wafunguliwe milango yote, na milango yote ikumbuke kujifunga!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Nyuma ya jukwaa yaliegeshwa malori ya Wizara, marefu, yamefunikwa maturubai, na injini zake zilikuwa zikinguruma. Yalinguruma hivyo siku zote za Msimu, usiku na mchana, na hayakwenda popote. Dereva mmoja alituambia ni ya usafiri tu. Tulifurahi kujua kwamba usafiri upo.

Mgeni hakuruhusiwa kulishwa katika vyombo vya nyumbani. Wizara ilitugawia Sahani za Msimu, za bati jeupe, zenye picha ya uso wa Waziri chini kabisa. Mgeni alikula pilau taratibu na uso ukajitokeza kidogo kidogo, kwanza kipara, halafu macho. Kubakiza chakula juu ya uso huo kulikuwa kosa. Baada ya kula, mkaguzi alikuja na kipaza sauti na mgeni akatoa shukrani. Walioshukuru kidogo waliitwa wakaidi. Walioshukuru sana walitiliwa shaka kwamba wanataka kuzoea. Kushukuru sawasawa ni kazi ngumu, na niliwahurumia, maana Msimu ulikuwa bado uko wazi.

* * *

Jirani yangu Bibi Gaudensia alipata mama mmoja kijana aitwaye Maombi, na mwanawe mchanga, Eliya, aliyekuwa mgongoni. Mume wa Maombi aliuawa upande wa pili wa mto, mlangoni mwa nyumba yake, na waliomuua walikuwa bado wanakaa huko huko, wamejenga vizuizi ukingoni na wanangoja yeyote atakayerudi. Hayo Maombi aliyasema mara moja tu, akiwa anamenya vitunguu, kisha hakuyarudia.

Bibi Gaudensia alikuwa mjane, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuita kuku. Alikuwa na mtoto mmoja, Fulgensi, ambaye ndiye Mkurugenzi wa Huruma Wizarani, mtu wa pili kutoka kwa Waziri. Mtaa mzima tulijivunia Fulgensi. Alikuwa amekulia mikononi mwetu, mtoto mtiifu, anayebeba sahani za watu bila kumwaga. Mnajua kwetu sikukuu ilivyo: kila nyumba hupika, hufunika sahani kwa kitambaa na kuipeleka kwa jirani. Na sahani ya watu hairudishwi tupu. Ikija na pilau itarudi na maandazi, na kama maandazi yamekwisha itarudi hata na ndimu mbili, lakini tupu hairudi. Fulgensi ndiye aliyekuwa mpelekaji wa mtaa, na hakuna mama ambaye hakuwahi kumpa andazi la njiani.

Mtoto Eliya alikuwa na kifua. Alikohoa kikohozi kikavu, kikubwa kuliko yeye. Bibi Gaudensia alimkanda kwa mafuta ya moto, akamnywesha uji wa ulezi kijiko kwa kijiko, na siku ya tatu mtoto alianza kulala bila kukoroma. Jioni hiyo king'ora kikalia.

Nilikuwapo, kwa sababu kazi ya katibu ilikuwa kuhakikisha huruma imefungwa katika nyumba zote. Maombi alikuwa anamlisha. Kijiko kilikuwa njiani.

"Mama Eliya, basi," nilimwambia kwa upole. "Msimu umekwisha."

"Amalize hiki tu, baba," alisema.

"Kimalize, mwanangu," alisema Bibi Gaudensia, kisha akanigeukia. "Na wewe, kaka yangu, umekuwa lini king'ora?"

Nilicheka, kwani yeye alikuwa na masihara. Lakini mkaguzi aliyekuwa nyuma yangu hakucheka. Alikitwaa kijiko, akaurudisha uji wake kwenye Sahani ya Msimu, akaichukua na sahani. Wageni walirudishwa Uwanjani kabla giza halijaingia. Kutoka barazani kwa Bibi Gaudensia tulimsikia mtoto akikohoa mpaka walipokunja kona.

* * *

Baada ya hapo watu wa mji wetu waliingiwa na hamu kubwa ya kupunga upepo.

Upepo ulipatikana sana nyuma ya Uwanja, karibu na banda la "Nguruwe wa Kisasa", ambapo seng'enge ilikuwa imelegea. Kila alasiri ungewakuta pale watu wazima, kila mtu na kikapu chake, wakitazama mawingu. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Mtu akifika, mwenzake hugeuka kutazama mlima. Vikapu vilikwenda vizito na kurudi vyepesi, na mimi sikuuliza, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa na kikapu, ambacho daktari alinishauri nitembee nacho. Bibi Gaudensia alikuwa akija kila siku na uji ndani ya bakuli lililofungwa kwa kanga, na alirudi nalo. Ila siku moja mtoto alilala akiwa ameshiba kwa mara ya kwanza, Maombi hakutaka kumsogeza ili alipitishe bakuli kwenye seng'enge, nalo likabaki.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya sayansi. Mganga Mkuu wa Wizara alikuwa na desturi ya kuwapima wageni uzito. Kwa hesabu zake, baada ya Msimu wageni walipaswa kupungua taratibu hadi Krismasi inayofuata, ili huruma iwakute na nafasi. Mwaka huo alipowapima katikati ya Januari alikuta wamenenepa. Mtoto mmoja aliyeandikwa kwamba angekufa alikuwa ameota meno.

"Kuna huruma inavuja!" Waziri alifoka kwenye kikao, akapiga meza. Habari hizi nilizipata kwa mtu wa kuaminika, aliyekuwa akimimina chai. "Inavuja usiku na mchana! Leo uji, kesho blanketi, keshokutwa watu watasema hawahitaji Msimu. Na wakisema hawahitaji Msimu, mimi ni nani?"

Wizara ilikuwa imejaribu mbwa wa kunusa pilau, lakini mbwa walikula ushahidi. Ndipo Fulgensi aliposimama. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Mheshimiwa," alisema, "hatuna haja ya kuwasaka. Tutangaze siku ya kurudisha vyombo. Sahani za Msimu tulizikusanya zote. Chombo chochote kitakachotoka ndani ya Uwanja ni cha magendo."

"Na kwa nini wavitoe? Wao ni wajinga?"

"Wamelelewa vizuri, Mheshimiwa. Wakiambiwa chombo cha watu kinatakiwa, watakileta. Na hawatakileta kitupu." Aliinama kidogo. "Mimi najua. Nimefunzwa hivyo."

Waziri akamwambia mtu wa chai amwongezee Mkurugenzi sukari.

* * *

Siku ile jua lilikuwa kali. Tuliitwa mji mzima, kwa furaha, tangazo lilisema hivyo. Meza ndefu zilipangwa katikati ya Uwanja, pale walipokuwa wakipitishwa fahali kupewa nishani, na wageni walikuwa tayari wamesimama nyuma yake, wamenawa nyuso, wamechana nywele, kila mmoja mbele ya chombo chake.

Nilitegemea vyombo vichache. Meza zilijaa mpaka vingine vikawekwa chini. Sahani, mabakuli, sufuria, makopo ya maziwa ya unga, chupa za chai. Na kila kimoja kilikuwa na kitu. Mahindi ya kuchoma. Mchicha walioupanda nyuma ya mabanda. Karanga. Kipande cha sabuni ya kujitengenezea, kimekatwa kwa umbo la samaki. Jozi ya viatu vya mtoto vilivyoshonwa kwa ngozi ya kiti. Walikuwa wakitutazama na kutabasamu, kama watu waliofurahi kwamba hatimaye wao ndio wamewapikia wengine. Niliangalia chini, nadhani kwa sababu ya jua.

Akina mama wa kwetu huweka alama chini ya vyombo vyao kwa rangi ya kucha, visipotee kwenye misiba na harusi. Hivyo kila mtu alijua kilicho chake hata kabla hakijageuzwa. Mke wangu Dezideria alinishika mkono akaubana. Mbele ya mzee Lazaro kulikuwa na bakuli lenye mistari ya buluu, limejaa karanga zilizomenywa moja moja. Lilifanana kidogo na letu. Lakini siku hizi viwanda hutengeneza vitu vingi vya kufanana.

Fulgensi alisoma utaratibu bila kuinua macho. Atakayekitambua chombo chake atakuwa amekiri huruma ya magendo. Atavuliwa uenyeji, atakuwa mgeni, na atahamia Uwanjani siku hiyo hiyo. Mpokeaji wake hana kosa, atabaki. Lakini chombo kisichotambuliwa na mtu ni chombo cha wizi, na mwizi hurudishwa kwao, ng'ambo ya mto, saa hiyo hiyo. Malori yalikuwa yamesogezwa karibu, maturubai yakiwa yamefunguliwa nyuma.

Tabasamu la wageni liliondoka polepole, kwa sababu baadhi walilazimika kungoja tafsiri.

"Hii ya nani?" Fulgensi aliinua sahani ya kwanza.

Mwenye sahani nilimjua. Alikuwa anafunga kamba za viatu vyake, na alikuwa amevaa ndala.

"Wizi," alisema mkaguzi, na mama mmoja na wanawe wakapandishwa lorini. Hakupiga kelele. Alikuwa akigeuka geuka kumtafuta mtu fulani katika umati, akamwona, akayaondoa macho haraka ili asimchongee.

"Hii ya nani?" Kimya. "Hii?" Kimya. Kulikuwa na sahani ya kaure yenye ukingo wa dhahabu, ambayo mji mzima tunajua nyumba moja tu inazo. Waziri aliitazama, akapiga chafya, akasema ni ya kughushi. Msichana aliyekuwa nayo akapandishwa. Ikafika zamu ya mzee Lazaro. Fulgensi aliinua bakuli lenye mistari ya buluu, karanga zikamwagika kidogo mezani, na mzee akaziokota akazirudisha.

"Hili la nani?"

Dezideria alifungua mdomo. Kwa bahati nzuri nilikuwa nimemkanyaga mguu. Mzee Lazaro alituangalia, akatikisa kichwa kidogo sana, kuonyesha kwamba tusijisumbue, akapanda mwenyewe bila kusukumwa. Watu wa upande wa pili wana adabu ya ajabu.

Ndipo Fulgensi akafika kwa Maombi. Mtoto alikuwa mgongoni, macho wazi, ananyonya ncha ya kanga. Bakuli lake lilikuwa na mchicha uliopikwa, umefunikwa jani la mgomba. Fulgensi alilinyanyua, akalichungulia upande wa chini, akasimama hivyo. Kisha akaliweka na kwenda kwa anayefuata.

"Mkurugenzi," alisema Waziri kutoka kitini, "umeruka moja."

"Hili limepasuka, Mheshimiwa."

"Hata wizi wa kilichopasuka ni wizi. Ita."

Fulgensi alirudi. Alilishika bakuli kwa mikono miwili. "Hili la nani?" aliuliza, na sauti yake haikufika mbali.

Maombi alikuwa amefunga macho. Mkono wake mmoja ulikuwa nyuma, umeshika mguu wa mtoto.

"Langu," alisema Bibi Gaudensia.

Alitoka kwenye umati akijifuta mikono kwenye kanga, kama mtu aliyeitwa akiwa jikoni. Watu walimpisha mbali sana, mbali kuliko alivyohitaji.

"Bibi," alisema Fulgensi, "tazama vizuri. Mabakuli yanafanana."

"Fuli, hiyo alama umeichora wewe. Ulikuwa darasa la pili. Ulichukua rangi ya kucha ya shangazi yako, nikakuchapa, halafu nikaiacha kwa sababu ulikuwa umeichora vizuri."

"Bibi, nakusihi. Sema si lako."

"Nikisema si langu, huyu anapelekwa wapi?"

Fulgensi aliyatazama malori.

Waziri alikuwa amesimama. Alishuka polepole, joho likiburuzika vumbini, akaja mpaka mezani. "Mkurugenzi," alisema kwa upole mkubwa, "unamfahamu mama huyu?"

Nimewahi kuona watu wakiulizwa maswali magumu, lakini sijaona mtu akiulizwa jepesi namna ile. Fulgensi aliangalia kalamu zake, akaangalia bakuli, akamwangalia Waziri.

"Simfahamu, Mheshimiwa," alisema.

Bibi Gaudensia alivuta pumzi. Nilidhani atalia, au atamlaani, na kwetu laana ya mama si mchezo. Hakufanya hivyo. "Haya," alisema, "andika basi, mwanangu. Gaudensia. Mjane. Ana mtoto mmoja, lakini leo hayupo." Kisha akalichukua bakuli kutoka mikononi mwake, akafunua jani, akaonja mchicha kwa vidole, akamgeukia Maombi. "Umeiva vizuri. Chumvi umeipata wapi?"

Maombi alianza kulia hapo, kwa sauti, na mtoto akaanza kulia kwa kuwa mama analia.

Kama mngekuwapo mngedhani kwamba baada ya yule wengine tungejitokeza. Vyombo vilikuwa vingi, wenyewe tulikuwa wote pale, na Uwanja usingetutosha sisi sote. Mtu mmoja angesema "changu", wa pili angesema, na Wizara ingebaki na nani wa kumwita mwenyeji? Nilifikiri hivyo baadaye, nyumbani. Pale pale nilikuwa natazama mlima. Fulgensi aliendelea kuinua vyombo, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ile ile, na malori yalijaa.

Yaliondoka kabla jua halijazama. Muda mfupi baadaye ilisikika milio mingi kutoka upande wa mtoni, ikakatika, ikaanza tena, ikakatika. Wizara ilitoa taarifa kwamba hizo zilikuwa fataki za kuwapokea. Tulishukuru kwa maelezo hayo. Dezideria alifunga madirisha na hakuyafungua wiki nzima.

Vyombo visivyo na wenyewe vilipigwa mnada Jumamosi iliyofuata, na watu walijitokeza kwa wingi kuliko mnada wowote. Kila mtu alijua anachokitaka. Hakuna aliyepandisha bei ya mwenzake. Mke wangu alirudi na bakuli moja lenye mistari ya buluu, akaliweka juu ya kabati, na mpaka leo hajalipikia kitu.

* * *

Bibi Gaudensia alihamia na Maombi, chini ya kibao cha "Ndama Bora". Alifungwa utepe. Nyumba yake ilitiwa lakiri. Mtoto Eliya alipona kifua, akaanza kutambaa, na nasikia alikuwa akitambaa kumfuata bibi kila alipoenda. Fulgensi alipandishwa cheo na kupewa gari. Nilimwona akipita, amekaa nyuma, kioo kimefungwa.

Jumapili moja, baada ya misa, nilikuwa nyuma ya Uwanja kwa ajili ya afya yangu. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akipunga upepo siku hizo. Seng'enge ilikuwa imeimarishwa, na askari walikuwa wakiwapekua wote wanaotoka njia ile, wakifunua hata vitambaa vya kichwa. Nilipoona mtu amesimama karibu na "Nguruwe wa Kisasa" nilijificha nyuma ya mti, kwa sababu ya jua.

Alikuwa Fulgensi. Hakuwa na gari wala kalamu. Alikuwa ameshika sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, ameishika kwa mikono miwili, sawa sawa, bila kumwaga. Ng'ambo ya seng'enge alisimama mama yake.

"Wali na kuku," alikuwa anasema. "Pokea, mama. Hakuna anayeona."

"Umepika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Makubwa! Mvua itanyesha leo." Aliinama akanusa kupitia waya. "Umeunguza kidogo. Lakini si vibaya."

"Pokea basi."

"Siwezi, Fuli."

"Bado umenikasirikia."

"Nimekukasirikia, ndiyo. Nitakukasirikia mpaka naingia kaburini. Lakini si kwa sababu hiyo." Aliweka vidole vyake kwenye waya. "Nikiipokea sahani yako, nitairudisha. Nikiirudisha, nitatia kitu ndani. Unanijua. Na siku watakapokuja kuuliza ni ya nani, nani atasema yake?"

"Usiirudishe. Itupe, mama. Ivunje."

"Nivunje sahani ya watu?"

Fulgensi alianza kulia. Alilia kitoto, mdomo wazi, bila kujifuta, kwani mikono haikuwa na nafasi. Kuiweka chini sahani hakuweza, ingeonekana. Kurudi nayo hakuweza, askari walikuwa njiani. Kumpa hakuweza.

"Kula," mama yake alimwambia. "Kula wewe, kiishe. Sahani tupu haina kosa."

Akafunua kitambaa. Akala kwa mkono, amesimama, akisukumia tonge juu ya tonge, machozi yakiingia kwenye wali, akitafuna na kupaliwa na kutafuna tena. Sikuwahi kuona mtu anakula haraka namna ile. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mti, na niliweza kuona kile ambacho yeye, akiwa amewapa mgongo, hakukiona: askari wawili walikuwa wamekunja kona na walikuja bila haraka, mmoja wao akifungua mkoba wa pingu.

Bibi Gaudensia alikuwa akiwatazama pia. Aliwatazama juu ya bega la mwanawe, wakikaribia, na uso wake haukubadilika.

"Tafuna polepole, Fuli," alimwambia. "Hakuna anayekukimbiza."